Bwana Afya na Baiskeli ya Kulalia

Siku Kirit, fundi wa baiskeli wa Kihindi, alipoitoa ile baiskeli dukani kwake, nusu ya mji wa Kisii ilikuja kuitazama, na nusu iliyobaki ilisimuliwa kabla ya jua kuchwa. Haikuwa baiskeli ya kukalia, ilikuwa ya kulalia. Kirit alikuwa amekata fremu mbili kuukuu akaziunganisha kwa moto, akaweka gurudumu dogo mbele na kubwa nyuma, akaunga cheni mbili zikawa moja ndefu. Pale ambapo watu wa heshima huweka tandiko, yeye alifunga turubai la kiti cha kujinyooshea barazani. Mwendeshaji aliegemeza mgongo, akajilaza nusu chali, miguu ikatangulia hewani kuzungusha pedeli.

"Bwana Afya, na mto uko wapi?" kijana mmoja wa stendi akauliza.

"Mwacheni, bado hajaamka," mwingine akamjibu, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Manasseh Nyamongo hakucheka. Alisimama ameshika ukuta wa duka, kofia ya kazi kichwani, kaptura ya kaki imepigwa pasi ikakaza. Kwa miaka ishirini watu hawa hawa walikuwa wakimwogopa. Akitokea kwa mbali, mwenye bucha alianza kufukuza nzi na mwenye hoteli alianza kusugua masufuria. Yeye ndiye Bwana Afya, mkaguzi wa vyoo, nyama na visima. Lakini mwaka uliotangulia alitumbukia korongoni na baiskeli yake ya serikali, akavunjika kiuno, akalala hospitali miezi minne. Alipotoka alikuwa anatembea, ndiyo, ila hakuweza kukaa wima kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama ndiko hasa kulikokuwa kumemshinda.

"Panda," Kirit alimwambia kwa Ekegusii, lugha ya Wakisii. Kirit alizaliwa Kisii, mtaa wa pili kutoka hapo, na Ekegusii chake kilikuwa safi kuliko cha makarani wengi. "Ulaya kuna watu walikuwa wanaendesha hivi. Niliona picha zamani katika gazeti la mjomba wangu. Waliwashinda wale wanaokaa, basi wakubwa wakakasirika, wakawapiga marufuku."

"Sasa unanipandisha kitu kilichopigwa marufuku?"

"Kwa sababu kilikuwa kizuri mno. Panda, bwana."

Manasseh akapanda. Akaenda yadi thelathini, akaanguka kwenye mtaro mbele ya duka la nguo. Jamani, kile kicheko kilisikika mpaka Nyanchwa.

*

Asingejiaibisha hivyo kama angekuwa na lingine la kufanya. Mwezi wa Machi mkuu wake, Mtaita mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, alikuwa amemwita ofisini akamwekea kiti. Alipomwona amekishika tu kiti chenyewe badala ya kukikalia, alitazama kando.

"Mzee Nyamongo, nitakueleza ukweli. Kituo cha Kebirigo kitakuwa wazi Septemba. Mtu wa kituo kile lazima afike kwenye visima vya migongoni mwa milima kule ambako basi halifiki. Sitaki barua ya daktari, wala ya mchungaji. Siku ya soko ya mwisho ya Agosti mimi nitakuwa Kebirigo. Nikikuona umefika kutoka Kisii kwa nguvu zako mwenyewe, kituo ni chako. Usipofika, nitakuandikia ustaafu wa ugonjwa."

"Ustaafu, bwana? Mimi nina miaka hamsini na moja."

"Najua. Pia najua nyumba unayokaa ni ya serikali."

Hakulisema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomuuma Manasseh zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumchukia ukapata nafuu. Kutoka Kisii hadi Kebirigo ni karibu maili ishirini za barabara ya murram, kupanda na kushuka, na yeye siku ile hata kwenda kanisani alikuwa akipumzika mara tatu njiani.

Jioni ya siku ya mtaro, mkewe Persis alimsafisha goti kwa maji ya chumvi. Persis alikuwa kiongozi wa akina mama wa Dorkasi, wasaidizi wa maskini, pale kanisa la Wasabato la Nyanchwa, mwanamke wa maneno machache lakini yote yenye ncha.

"Baba Andrew, ungeanguka na ile ya kawaida, watu wangesema pole. Ukianguka na hii, watacheka kwanza, pole itafuata baadaye kama wameikumbuka."

"Kwa hiyo niache?"

"Nimesema uache? Nimesema jizoeze kuanguka vizuri. Binti yako Orpah yuko kidato cha pili. Akina Marion wako nyuma yake. Ukistaafu tutawapeleka wapi, kwa mjomba?" Akakamua kitambaa. "Lala kwa tumbo nikukande kiuno."

*

Ni Kirit aliyebuni mashindano ya mwezi. Mwenyewe alikuwa fundi tu, lakini alijua binadamu kama alivyojua spoku: ukizikaza zote kwa mara moja, gurudumu linapinda.

"Usiifikirie Kebirigo," alisema. "Kebirigo ni ya Agosti. Aprili shindano ni moja tu: kila siku upande, hata kama ni mpaka chini ya kilima cha Nyanchwa na kurudi. Usiruke siku. Ukimaliza mwezi, nakufungia kengele."

"Kengele ni haki ya kila baiskeli!"

"Hii yako haina haki, ina zawadi. Mei maili sitini, nakupa madigadi. Juni maili mia, taa. Julai mia na hamsini, nakubadilishia gia ya nyuma, kubwa, ya kupandia milima. Ukishindwa mwezi, utaendesha bila."

Manasseh akacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anaahidiwa kengele! Lakini alikubali, na ukutani mwa duka kalenda ikatundikwa, ile yenye picha ya mungu wa kike wa Kihindi aliyekaa juu ya ua. Jayshree, mke wa Kirit, ndiye aliyekuwa mwandishi. Kila Manasseh aliporudi, Jayshree alichovya kidole katika poda nyekundu aliyokuwa akijipaka usoni, akagusa tarehe.

"Mama, huna penseli?" Manasseh aliuliza siku ya kwanza, jicho moja kwenye ile picha. Alikuwa akiwaza wazee wenzake wa Nyanchwa wangesema nini.

"Penseli inafutika," Jayshree alisema.

Jumamosi ya kwanza hakutokea. Jumapili Jayshree akampokea na uso wa huzuni. "Umeruka siku. Kengele imekwenda."

"Sikuruka. Jana ilikuwa Sabato."

Mabishano yakawa makubwa. Kirit alisema mwezi ni mwezi, Manasseh akasema Mungu mwenyewe alipumzika na hakuna aliyemnyima kengele. Mwishowe Jayshree akaamua kwamba Jumamosi zote ziachwe nyeupe na zisihesabiwe, kwa sababu hata yeye ana siku zake za kufunga na angependa ziheshimiwe. Aprili ikaisha, kengele ikafungwa, na Manasseh akaipiga toka dukani hadi nyumbani bila sababu yoyote.

Usidhani ilikuwa rahisi. Mei mvua ilinyesha mpaka murram ikawa uji. Watoto wa shule walimfuata wakiimba kwamba mgonjwa anakimbia na kitanda chake. Mbwa walimchukia kwa namna ya pekee, kwa kuwa uso wake ulikuwa karibu na meno yao. Siku nyingine aliamka kiuno kimekaza kama mti mkavu, akamwambia Persis leo siendi. Persis hakumbembeleza. Alitandika kitanda upesi upesi ili asipate pa kurudi, akamwachia kofia mlangoni. Naye Manasseh, akinung'unika, alikwenda, kwa sababu alijua kuna nafasi nyeupe inamngoja ukutani mwa Kirit na kuna mwanamke atauliza. Bandu bandu huisha gogo. Mei akapata madigadi, akarudi nyumbani kwa mara ya kwanza bila tope mgongoni. Juni akapata taa. Kufikia Julai aliweza kukaa wima mezani mpaka chakula kikaisha, na Persis alipoligundua hilo aliondoka akaenda jikoni, akalia huko peke yake kwa furaha.

*

Jambo lenyewe lilitokea Julai, siku ya Jumanne, mchana kweupe.

Kwao Manasseh ni maili tano kutoka mjini, njia ya Nyamira. Huko aliishi mama yake mzazi, Bathsheba, bibi wa miaka themanini asiyeogopa mtu, pamoja na Abigael, mke wa mwanawe Andrew. Andrew alikuwa karani katika mashamba ya chai ya Kericho na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Abigael alikuwa ameolewa mwaka mmoja tu, binti wa watu wa Kebirigo, mpole, mwenye adabu mpaka ikapita kiasi.

Na hapa lazima mtu ajue Wakisii walivyo. Baina ya baba mkwe na mke wa mwanawe kuna chinsoni, heshima yenye haya ndani yake. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Mke wa mwana hamkaribii, hamtaji jina, hamwangalii machoni. Wakikutana njiani, mwanamke hupisha, akageuka akampa mgongo mpaka apite. Na kulala mbele yake, miguu imenyanyuliwa hewani? Toba! Hilo mtu halitaji hata kwa mfano.

Kwa hiyo Manasseh kila mara alipokaribia njia panda ya kwao alishuka, akaikokota baiskeli wima kama mtu mwingine yeyote, mpaka apite. Miezi mitatu alifanya hivyo. Lakini Jumanne ile alikuwa amebakiza maili ishirini na moja kupata ile gia, miguu ilikuwa imepata moto, mteremko ulikuwa mzuri, na akajiambia saa hizi watu wote wako kwenye pareto. Akaiachia.

Kwenye kona akaona mwanamke mbele, kikapu kichwani, anatembea katikati ya barabara. Breki hazikutosha. Akapiga kengele. Na yule mwanamke, kama afanyavyo kila mtu akisikia kengele nyuma yake, aligeuka kutazama.

Alikuwa Abigael. Alichoona ni nyayo mbili za viatu vya serikali zinamjia usoni, na nyuma yazo miguu ya baba mkwe wake, na kaptura pana ya kaki iliyojaa upepo. Macho hayana pazia. Akapiga ukelele mmoja, akatupa kikapu, maua ya pareto yakatapakaa barabarani, naye akakimbilia ndani ya mahindi ya jirani akajifunika uso kwa kitambaa. Manasseh alipita katikati ya yale maua bila kuweza kusimama. Aliposimama, robo maili mbele, hakuthubutu kutazama nyuma.

Kufikia Alhamisi habari ilikuwa imefika Masimba. Kufikia Jumapili ilikuwa imepata mkia na pembe: kwamba mzee wa kanisa alimfukuza mke wa mwanawe barabarani, amelala, nusu uchi. Abigael alikuwa amefunga nguo zake akarudi kwao Kebirigo.

Andrew alikuja kutoka Kericho kabla ya mwisho wa mwezi. Hakuingia ndani. Alisimama uani mwa nyumba ya mjini, amevaa tai.

"Baba, sikuja kugombana."

"Karibu uketi, mwanangu."

"Nitasimama. Nimetoka kwa wakwe. Mama yake amenipa uji nje, kama mtu wa kuuza vyungu. Wanasema binti yao hana uso wa kurudi nyumbani ambako baba mkwe anapita amelala." Akaivuta tai upande. "Mimi nampenda mke wangu, baba. Hicho kitu ni lazima?"

Manasseh alitaka kumweleza juu ya kiuno, na Kebirigo, na ada ya Orpah. Alimtazama mwanawe, tai imepinda, macho mekundu, akashindwa.

"Si lazima," alisema.

*

Agosti ikaanza, na baiskeli ya kulalia ikalazwa yenyewe, nyuma ya choo, imefunikwa gunia. Gia kubwa hakuipata, alibakiza maili ishirini na moja zile zile. Siku ya kumi na mbili Kirit alifunga duka mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaja na kalenda chini ya kwapa.

"Tazama mwezi wa nane," akasema. "Mweupe. Jayshree anafikiri umekufa."

"Bwana Kirit, wewe ni rafiki yangu, lakini hili hulijui."

"Silijui? Mama yangu alijifunika uso mbele ya baba mkwe wake miaka thelathini. Thelathini! Alimpikia kila siku, na mzee alikufa hajawahi kuona pua yake. Usinifundishe mimi aibu ya wakwe." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Lakini mzee alipovunjika mguu, alibebwa na kitanda chake akapitishwa jikoni, mbele ya mama. Mama aligeukia ukuta, akaendelea kukanda unga. Hakuna aliyekwenda kwao."

Persis alikuwa mlangoni na bakuli la mboga. Kesho yake asubuhi alipanda basi akaenda kwa mama mkwe wake.

Sasa, kama chinsoni hufunga mlango baina ya mzazi na mtoto, baina ya bibi na wajukuu hakuna mlango kabisa. Huko ni utani mtupu. Bathsheba angeweza kumwambia Abigael lolote, na Abigael angeweza kumjibu lolote. Kibibi kikamsikiliza Persis, kikacheka mpaka kikakohoa.

"Kwa hiyo mwanangu anaona haya, mke wa Andrew anaona haya, Andrew anaona haya, na wewe umekuja hapa macho chini. Nyumba nzima haya, na hakuna anayekula! Hebu niambie, mwanangu huwa analala kwenye hicho kitu kwa starehe?"

"La, mama. Ndiyo namna pekee mgongo unamruhusu."

"Basi ni mgonjwa. Mgonjwa akipitishwa na machela kijijini, tunamwambia ainuke atembee kwa ajili ya wakwe? Tunageuka, anapita, tunamwombea apone." Akafuta machozi ya kicheko. "Kosa lake si kulala. Kosa lake ni kuja ghafla kama mwizi. Heshima ni kumpa mwenzio nafasi ya kugeuka. Hakumpa. Nitafutie kiatu changu."

Katika umri wake, na miguu yake ile, Bathsheba alikwenda Kebirigo kwa basi, akakaa kwa wakwe siku mbili. Yaliyosemwa huko hakuyaeleza yote. Alirudi na Abigael kikapuni mwake, ndivyo alivyosema mwenyewe, na alipoulizwa imekuwaje alijibu tu, "Nimemwonyesha kovu la kiuno cha baba mkwe wake kwa kulichora kwenye majivu. Alilia. Alidhani ile baiskeli ni mchezo wa wazee wa mjini."

Na Abigael, ambaye asingeweza kumtumia baba mkwe wake salamu hata moja, alimtumia bibi. Bibi akamwambia Persis, Persis akamfikishia mumewe kitandani asubuhi, macho kwenye dari kwa adabu ya ule ujumbe.

"Anasema uvae suruali ndefu. Na siku yako ya Kebirigo upite saa inayojulikana, mchana, uitangaze mapema kama unavyotangaza ukaguzi."

"Amesema hivyo?"

"Amesema kituo cha Kebirigo kikikosa Bwana Afya, mama yake ataendelea kunywa maji ya kisima kichafu. Haya, amka. Kitanda nakitandika."

*

Alikuwa na majuma mawili tu. Jayshree alianza tena kugusa tarehe, kwa haraka sasa, na Kirit aliifunga ile gia kubwa bila kusema neno juu ya maili ishirini na moja. Manasseh akakataa.

"Sikumaliza Julai. Toa."

"Bwana Nyamongo, kuna milima."

"Tulikubaliana nitaendesha bila."

Wakatazamana. Kirit akaifungua, akaiweka rafuni, akimlaani kwa lugha tatu. Wapo watakaosema huo ni ujinga, na labda ni kweli. Lakini mwaka ule mtu huyu alikuwa amenyang'anywa mambo mengi, na neno lake lilikuwa bado zima.

Siku ya soko ya mwisho ya Agosti aliondoka saa kumi na mbili asubuhi, suruali ndefu, kofia ya kazi. Watu wa stendi walikuwepo. Hakuna aliyeuliza habari za mto. Kwenye njia panda ya kwao alishuka akakokota kama zamani, akamwona mama yake peke yake kando ya barabara, ameketi chini, anakula mhindi wa kuchoma. "Nenda, mvivu wewe, unalala mchana!" akamtania. Akaenda. Alipumzika mara nne kabla ya Nyamira. Mara mbili alijilaza kwenye nyasi akafikiri hatainuka. Nyamira akanywa chai ameketi wima, akaimaliza yote.

Kilima cha mwisho kabla ya soko la Kebirigo si kirefu, lakini ni kikali, na ilikuwa yapata saa saba, jua la utosi. Katikati yake miguu ilikataa. Si kwamba iliuma, ilikataa tu. Baiskeli ikaanza kuyumba, ikasimama, ikaanza kurudi nyuma. Akashika breki. Alikuwa akiona paa za mabati za soko kule juu, na gari la serikali limeegeshwa, na mtu mrefu amesimama kando yake. Akajua hafiki. Akaanza kutafuta maneno ya kumwambia Persis.

Ndipo alipowaona. Pande zote mbili za barabara, toka alipokuwa mpaka kileleni, walisimama wanawake. Walikuwa wengi, labda arobaini, wa rika la mama yake Abigael na wa rika la Abigael mwenyewe, vitambaa vichwani, watoto mgongoni, vikapu vya soko miguuni. Na wote, kila mmoja, walikuwa wamegeuka. Walitazama mahindi na chai na kuta za udongo, na barabara wakaipa mgongo. Hakuna hata mmoja aliyechungulia. Walikuwa wamesimama hivyo juani tangu saa sita, kwa kuwa ilikuwa imetangazwa kwamba atapita saa sita.

Mmoja wao, hakujua nani, akapiga kigelegele kuelekea shambani. Mwingine akakipokea. Halafu wote wakayapigia mahindi, kigelegele kikapanda kilima chote mpaka sokoni na kurudi. Walikuwa wakwe zake. Hawakuweza kumtazama, hawakuweza kumshika mkono, hawakuweza hata kulitaja jina lake, lakini walikuwa wamekuja.

Manasseh akaachia breki, akasukuma pedeli ya kulia. Ikaenda. Akasukuma ya kushoto. Alipanda katikati ya migongo ile inchi kwa inchi, akilia waziwazi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtazama hakujisumbua kufuta machozi.

Mkuu wake alimpokea kileleni, akamshika begani asianguke. Alitazama saa, akatazama baiskeli, akatazama ile suruali iliyoloa jasho.

"Jumatatu, saa mbili," alisema. "Anzia kisima cha chini ya shule." Kisha yule Mtaita, aliyekaa Kisii miaka miwili tu, akageuka akawatazama wale wanawake ambao bado hawakuwa wamegeuza nyuso, akashusha sauti kwa huruma. "Lakini mzee, hawa watu wamekukasirikia nini? Kilima kizima wanakupa mgongo. Utafanyaje kazi hapa?"

Manasseh alikuwa bado amelala pale kwenye turubai, miguu hewani, hana nguvu ya kushuka.

"Hawajanikasirikia, bwana," akasema. "Hivyo ndivyo wanavyonipokea."

Na akabaki vile vile, amelala mbele ya soko zima la Kebirigo, bila kuona haya hata chembe.